Raha ya Kificho: Mieleka ya Ulingoni na Watazamaji Wake wa Buguruni

Kila jamii ina sanaa za namna mbili: ile inayoikiri mbele ya wageni, na ile inayoipenda ikiwa peke yake. Ya kwanza hutajwa katika hotuba, hupewa jukwaa siku za sikukuu na huandikiwa vitabu. Ya pili haitajwi. Watu huiendea kwa mlango wa nyuma, huishangilia hadi sauti zikawakauka, kisha wakiulizwa walikokuwa husema walikuwa wakipita tu. Mhakiki anayetaka kuufahamu utamaduni wa taifa hana budi kuzichunguza zote mbili.

Katika makala haya nakusudia kuichambua sanaa moja ya namna hii ya pili, nayo ni mieleka ya kulipwa itokayo Marekani, pamoja na watazamaji wake wa Buguruni, Dar es Salaam. Nitajaribu kuonyesha kwamba watazamaji hawa huona haya kwa jambo lisilostahili haya, na kwamba jambo linalostahili haya hasa huwapita mbele ya macho yao bila ya kulihoji.

Buguruni ni mtaa wa watu wa kazi: wachuuzi wa soko, mafundi, wapagazi, madereva na makarani. Mikanda ya video ilipoenea mjini katika miaka ya 1980, Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hata kimoja. Vituo vya kwanza vilianza mwaka 1994. Zanzibar ilikuwa imetangulia kwa takriban miaka ishirini. Basi kwa mkazi wa mtaa kama huu, deki ya video na banda lake ndivyo vilivyokuwa dirisha la kuchungulia dunia. Kwa kiingilio kidogo mtu aliketi juu ya benchi akatazama filamu za Kihindi, za karate kutoka Hong Kong, na mieleka ya Wamarekani. Baadaye mieleka ilihamia katika televisheni, na siku hizi imo hata katika simu za mkononi. Vyombo vimebadilika, lakini haya ya watazamaji imebaki ile ile. Mwalimu hutazama akiwa amefunga mlango. Karani husema anawawashia watoto. Mzee wa heshima akikutwa bandani husema amemfuata mjukuu.

Je, haya hiyo yatoka wapi? Ukisikiliza maneno ya wanaoilaumu mieleka, utakuta mashtaka matatu: kwamba ni uwongo, kwamba ni jambo la kigeni lisilo na asili kwetu, na kwamba huwafundisha vijana fujo. Tuyapime moja baada ya jingine.

Kuhusu shtaka la kwanza, hapana ubishi kuwa pigano limepangwa. Mshindi hujulikana kabla ya kengele kulia. Wenye mchezo wenyewe walikwisha kukiri. Mwaka 1989 viongozi wa shirika kubwa la mieleka la huko, lililoitwa wakati ule World Wrestling Federation, walieleza mbele ya Baraza la Seneti la jimbo la New Jersey kwamba shughuli yao ni burudani wala si mashindano ya kweli. Shabaha yao ilikuwa kuondokana na usimamizi uliowekewa michezo ya kushindana, ndondi zikiwamo. Lakini tangu lini kupangwa kukawa aibu ya sanaa? Penina Muhando na Ndyanao Balisidya, katika kitabu chao *Fasihi na Sanaa za Maonyesho* cha mwaka 1976, walitufundisha kuitambua sanaa ya maonyesho kwa mambo manne: dhana inayotendwa, mtendaji, uwanja wa kutendea, na watazamaji. Ulingo wa mieleka unayo yote manne. Anayemlaumu mwanamieleka kwa kuwa hakupigana kweli na amlaumu pia mwigizaji aliyekufa jukwaani kisha akaonekana akinywa chai. Wala mtoto anayesikiliza hadithi ya sungura na fisi haombi hati ya kuthibitisha kuwa wanyama walisema.

Mfaransa Roland Barthes, katika kitabu chake *Mythologies* cha mwaka 1957, aliifungua mada yake kwa mieleka ya namna hii hii iliyochezwa katika kumbi ndogo za Paris. Alieleza kwamba mtazamaji hajali kama pigano ni la kweli au la kupangwa. Anachokitaka ni kuona mateso, ushindwe na haki vikidhihirika waziwazi bila ya kufichwa. Hoja hii mtazamaji wa Buguruni aliifahamu bila ya kuisoma. Katika banda la video shujaa huitwa steringi, na kila mtu ajua kuwa steringi hafi. Hata hivyo moyo hudunda. Mwovu humtia mwenzake vidole machoni wakati mwamuzi amegeuza kisogo. Banda zima hupiga kelele kumwambia mwamuzi ageuke, naye hageuki. Akigeuka, humkaripia aliyeonewa. Mtu aliyeshinda kutwa akihangaika na mizani ya mlanguzi, au akizungushwa kutoka dirisha moja hadi jingine, hahitaji kufafanuliwa maana ya mwamuzi asiyeona. Tofauti ni kwamba ulingoni haki, hata ikichelewa, aghalabu huja, tena huja kwa kishindo. Hiyo ndiyo raha yenyewe, nayo si ya kipumbavu.

Shtaka la pili ni la ugeni. Hapa wanaolaumu wanasahau mambo ya nyumbani. Huko Makunduchi, kusini mwa Unguja, kila mwaka mwezi Julai huadhimishwa Mwaka Kogwa. Makundi mawili ya wenyeji huingia uwanjani na kupigana kwa vigogo vya migomba, huku wanawake wakiimba nyimbo za kuchokoza. Kibanda cha makuti huchomwa moto, na aliyekuwa ndani yake hutoka mbio. Mapigo huuma, lakini pigano lina mpaka wake na adabu yake, na likiisha chuki za mwaka hutakiwa ziishie hapo. Kadhalika katika pwani yetu iko ngoma ya kirumbizi, ambamo wawili hupambana kwa bakora kwa mwendo wa ngoma, na ustadi wa mchezaji huonekana katika kukinga na kukwepa.

Tukija mjini, wazee wetu walicheza beni. Vyama vya Marini na Arinoti vilishindana kwa sare, kwa gwaride na kwa vyeo vya kijeshi vya kubuni, na mashabiki wao walihasimiana kana kwamba vita ni vya kweli. Katika taarabu, ushindani wa vikundi kama Black Star na Lucky Star vya Tanga ulijengwa juu ya mafumbo na majibizano. Na kwa upande wa ushairi, Wahaya wanayo majigambo, ambamo mtu husimama mbele ya hadhira akajisifu kwa ushujaa wake, aliowashinda na atakaowashinda. Msikilize basi mwanamieleka akishika kipaza sauti kabla ya pambano: hujitaja jina, hutaja nguvu zake, humdharau mpinzani na kuapa yatakayompata. Kama hayo si majigambo, ni nini? Lugha ndiyo iliyo ya kigeni, lakini fani yenyewe tunaitambua. Mtazamaji wa Buguruni aliyevutwa nayo hakuutoroka utamaduni wake. Alisikia mwangwi wa jambo analolijua.

Shtaka la tatu lina uzito zaidi, kwa sababu watoto huiga. Lakini dawa yake si kuwaambia tu kwamba ni uwongo. Mtoto akiambiwa ni uwongo, hudhani hakuna kuumia, naye humwinua mwenziwe juu ya sakafu ya saruji. Afadhali aelezwe jinsi kazi inavyofanywa. Mwanamieleka hujifunza kwa muda mrefu namna ya kuanguka: kusambaza kishindo mgongoni, kuingiza kidevu kifuani, kumlinda shingo yule anayembwaga. Anayebwagwa humsaidia anayembwaga. Wale ni wawili wanaoshirikiana katika kazi moja ya hatari. Na bado ajali hutokea. Tarehe 23 Mei 1999, mjini Kansas City, Owen Hart alianguka kutoka juu ya ukumbi alipokuwa akiteremshwa kwa kamba kuelekea ulingoni, akafa. Ugomvi katika mieleka ni wa kuigiza, lakini mifupa ni mifupa. Kijana akilijua hili ataiheshimu kazi ya wale watu, na atakuwa na sababu ya kutoijaribu uani.

Hivyo mashtaka yote matatu hayatoshi kumtia mtazamaji hatiani. Lakini lipo shtaka la nne, ambalo nimelisikia mara chache mno, nalo ndilo kiini cha makala haya.

Tujiulize: mwovu wa ulingoni ni nani? Katika miaka ya 1980, mikanda ilipokuwa ikiingia kwetu, mwovu aghalabu alikuwa mgeni. Alikuwapo Nikolai Volkoff, aliyeuimba wimbo wa taifa wa Urusi ya Kisovieti ili azomewe, ilhali alizaliwa Yugoslavia. Alikuwapo Iron Sheik, Mwirani, aliyeshindwa na Hulk Hogan mjini New York mwezi Januari 1984 katika furaha kubwa ya Wamarekani. Hayo yalikuwa magomvi ya Marekani na mahasimu wake. Sisi je? Dar es Salaam ilikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika tangu 1963 hadi 1994, na wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika walipata silaha zao nyingi kutoka Urusi na China. Kijana wa mji huo huo aliketi bandani akashangilia kuangushwa kwa aliyejiita Mrusi. Ugomvi wa watu wengine aliuvaa kama shati la mtumba, asiulize lilishonwa kwa kipimo cha nani.

Lakini mfano ulio mzito zaidi ni wa Kamala, aliyetangazwa kuwa jitu kutoka Uganda. Alitembea bila viatu, amejifunga vazi mfano wa ngozi ya chui, uso umechorwa rangi, nyota na mwezi vimechorwa tumboni na kifuani. Alishika mkuki, hakusema neno, na ilidaiwa kuwa alikuwa mlinzi wa Idi Amin na mla watu. Aliongozwa na mtu aliyevaa kofia ya kizungu ya safari, mfano wa bwana shauri wa enzi za ukoloni. Kumbe Mganda huyo alikuwa James Harris, Mmarekani mweusi aliyezaliwa Mississippi mwaka 1950. Sura hiyo ilibuniwa mjini Memphis mwaka 1982. Ikumbukwe kwamba majeshi yetu, pamoja na Waganda wenyewe, yalikuwa yameingia Kampala mwezi Aprili 1979, miaka mitatu tu kabla ya hapo, baada ya Amin kuivamia Kagera. Vita vilivyogharimu damu ya vijana wetu viligeuzwa kuwa kichekesho cha kumwuza mtu asiyejua kusema.

Hapa ndipo ninapotofautisha uwongo wa sanaa na uwongo wa dharau. Uwongo wa sanaa watazamaji wote wanaujua, na huufurahia kwa pamoja. Uwongo wa dharau humsema mtu asiyekuwapo ulingoni wala asiyeweza kujibu. Mtazamaji wa Memphis hakuwa na jirani Mganda wa kumsahihisha. Wa Buguruni alikuwa naye: alijua kuwa Mganda ni mwalimu, ni fundi, ni mfanyabiashara. Na bado alicheka. Alijifunza kujitazama kwa macho ya mgeni, kisha akaona haya kwa sababu pigano limepangwa! Harris mwenyewe hakunufaika sana. Baadaye alilalamika kwamba alilipwa kidogo kuliko wenzake weupe. Kisukari kilimpotezea miguu yote miwili, naye akafariki mwezi Agosti 2020.

Wala haisemwi kwamba ulingo hauwezi kusahihishwa. Kofi Kingston, mzaliwa wa Ghana, alipotambulishwa mwaka 2008 alitangazwa kuwa Mjamaika. Baadaye alianza kutajwa kwa nchi yake halisi, na mwezi Aprili 2019 akawa bingwa mkuu wa shirika lile lile, Mwafrika wa kwanza aliyezaliwa barani kuufikia ubingwa huo. Naam, ushindi huo nao ulipangwa. Lakini safari hii aliyepangiwa ushindi alikuwa na jina, nchi na sauti.

Walimu wa fasihi wana nafasi njema katika jambo hili. Badala ya kuwakemea wanafunzi wao, wanaweza kulileta pambano moja darasani na kulihakiki kama wanavyohakiki tamthilia. Waulize maswali matatu. Kwanza, fani yake inafanana na sanaa ipi ya kwetu, na inatofautiana wapi? Pili, kwa nini huyu amefanywa mwovu na yule mwema, na nani anafaidika kwa mpango huo? Tatu, ni nani anayesemwa bila ya kupewa nafasi ya kusema? Mwanafunzi atakayeyazoea maswali haya ataweza pia kuipima filamu, tangazo la biashara na habari ya gazeti.

Kwa mtazamaji wa Buguruni, nasema hivi: aufungue mlango, aketi na wajukuu wake, ashangilie. Akitokea ulingoni mtu aliyevishwa ngozi na kunyimwa ulimi ili wengine wacheke, na ainuke awaambie watoto kwamba huyo hatoki kwetu, na awaeleze alikotoka.