Nani Asemaye kuwa Mvua Inanyesha? Imani na Utulivu wa Nafsi katika The Guide

Riwaya ya R. K. Narayan iitwayo The Guide (1958), iliyopata tuzo ya Sahitya Akademi mwaka 1960, husomwa mara nyingi kama kisa cha mlaghai aliyegeuka mtakatifu. Tunaonelea kwamba usomaji huo unapunguza uzito wa swali lake: je, utulivu wa nafsi huhitaji kuthibitishwa na muujiza?

Raju, kiongozi wa watalii katika Malgudi, mji wa kubuniwa wa India Kusini, anatoka gerezani na kupumzika katika hekalu kuukuu kando ya mto. Mwanakijiji Velan anamdhania kuwa mtu wa Mungu, naye anaipokea heshima hiyo kwa kuwa inamletea chakula. Ukame unapozidi, ugomvi unazuka. Raju anatuma neno kwamba hatakula mpaka watu waache kupigana; mjumbe, kijana mzito wa akili, analifikisha kana kwamba hatakula mpaka mvua inyeshe. Hivyo saumu nzima inatokana na neno lililopotoka njiani.

Mwanzoni Raju anafunga kwa kulazimika. Baadaye anaamua kufunga kwa nia safi, na kwa mara ya kwanza anatenda jambo lisilo na faida kwake. Wakati huohuo mahali pale panajaa wachuuzi, waandishi wa magazeti na mtengenezaji filamu kutoka Marekani. India ya kisasa anayoichora Narayan haijaacha dini. Imeigeuza pia kuwa tamasha.

Mwishoni, ni Raju asemaye kwamba mvua inanyesha milimani; msimulizi hathibitishi wala hakanushi. Tofauti hiyo baina ya kauli ya mhusika na kauli ya msimulizi ndiyo nguzo ya riwaya. Filamu ya Vijay Anand, Guide (1965), iliibomoa nguzo hiyo, kwani humo mvua inanyesha waziwazi, na imani inapewa malipo yake. Narayan mwenyewe hakuridhika na filamu hiyo.

Kasoro ya riwaya tunaiona kwingine. Imani ya Velan na wenzake ndiyo iliyomfinyanga Raju, lakini mwandishi haingii mioyoni mwao. Amani ya mwongozwaji haichunguzwi kama ya kiongozi.

Hata hivyo, mwanafunzi wa fasihi ana funzo hapa: kabla ya kuuliza kama mvua ilinyesha, aulize ni nani aliyesema.