Barua Bila Mpokeaji

Jarida la barua pepe ni jina la heshima kwa kitu rahisi. Mtu mmoja anaandika, wengine wanajiandikisha, na kila wiki barua inatua kwenye simu zao, katikati ya ujumbe wa benki na tangazo la bando. Langu limefikisha mwaka mmoja sasa, barua 47. Juzi nilizisoma zote kwa mpigo, jinsi ningesoma kitabu cha mtu mwingine nilichopewa kuhakiki. Nilitaka kujua: kwani hizi ni barua kweli?

Barua huwa na mpokeaji. Chukua Barua za Shaaban Robert, mkusanyiko uliochapishwa mwaka 2002, wa barua alizomwandikia ndugu yake mdogo, Yusuf Ulenge, kati ya 1931 na 1958. Sisi tunazisoma kwa sababu mwandishi ni Shaaban Robert. Ulenge alizisoma kwa sababu zilitoka kwa kaka yake. Ndiyo maana hata mambo madogo ya nyumbani yana uzito humo: upande wa pili yuko mtu anayehitaji kuyajua. Shaaban hakulazimika kueleza yeye ni nani, wala kumbembeleza ndugu yake afike mwisho wa ukurasa.

Jarida la kibinafsi linaazima sauti hiyo. Tunaandika "nikunong'onezee kitu", halafu tunawanong'onezea watu mia kadhaa kwa mkupuo. Sisemi ni uongo. Hata mhubiri huliita kanisa zima "ndugu yangu". Ila mnong'ono wa kwenye maikrofoni una kanuni zake, na ya kwanza ni kwamba siri inauza kuliko wazo. Barua yangu iliyosomwa zaidi ni ile ya kuacha chuo kikuu: karo, na jinsi mama alivyoacha kuuliza ninahitimu lini. Ile ninayoiona bora kama maandishi, kuhusu makanga wa Nairobi na jinsi nauli inavyopanda tone la kwanza la mvua likianguka, haikufikisha hata nusu ya wasomaji hao. Jukwaa linakuonyesha tofauti hiyo kwa mchoro, asubuhi, kabla hujanywa chai.

Hapo ndipo naona hatari ya aina hii ya uandishi. Mhariri mzuri atakwambia aya ya tatu imelegea. Mchoro unakwambia tu kwamba watu walikuja, na mwandishi asiye na mshahara anaelewa haraka anachoambiwa: rudi palipouma, ukwaruze tena. Soma majarida ya vijana wenzangu kwa miezi michache utaona kidonda kile kile kikirudi na kichwa kipya. Sentensi ni safi, bana. Kinachoisha ni maisha ya kuandikia.

Wahome Mutahi alikuwa na kibarua kama hiki kabla ya intaneti kutufikia. Safu yake ya Whispers ilitoka katika magazeti ya Jumapili kwa karibu miongo miwili, hadi mwaka aliofariki, 2003. Ilihusu nyumba moja: mume, mkewe Thatcher, watoto wao, na mama mzee Appepklonia. Wasomaji walihisi wanaijua familia hiyo kama majirani. Lakini Whispers alikuwa mhusika. Wahome mwenyewe alikamatwa na kuzuiliwa Nyayo House mwaka 1986, na mateso ya kizuizini aliyapa nafasi katika riwaya, Three Days on the Cross. Alijua kipi ni cha safu na kipi kinahitaji chombo kingine. Sisi tuna chombo kimoja, na kila kitu tunakimimina humo.

Nikipima hivyo, barua zangu nzuri ni kama 9. Zote niliziandika nikiwa na mtu akilini. Ile ya makanga ilikuwa ya binamu yangu anayeendesha boda Ruiru. Nyingine, ya kusoma riwaya kwenye simu stima zikipotea, ilikuwa ya rafiki niliyesoma naye. Hawakutajwa popote, lakini uwepo wao unasikika: mzaha haufafanuliwi, na hakuna anayeombwa amhurumie mwandishi.

Halafu kuna pesa. Jukwaa ninalotumia linapitisha malipo kwa njia ambayo haijafika Kenya, kwa hivyo anayetaka kunilipa ananitumia M-Pesa, mia, mia mbili. Si doo ya kulipa kodi. Ila inafika na jina la mtumaji, na ghafla namba ya kwenye mchoro inageuka kuwa mtu. Mmoja alituma mia, kisha akaandika: "Na mama, ameshaanza kuuliza tena?"

Swali lake lilikuwa la upole, na nililifikiria siku nyingi. Anamuulizia mtu ambaye hajawahi kujiandikisha kwenye jarida langu, na ambaye hakuna aliyemuuliza kama anataka kuwa ndani yake.

Mwaka wa pili nitatuma barua mbili kwa mwezi, na kabla sijaandika mstari wa kwanza nitajua namwandikia nani. Kuhusu mama, siku akiuliza tena nitamjibu kwa simu. Wasomaji wangu watanisamehe, hilo halitawafikia.