Mwamba wa Povu

Kuna watu bado wanaamini ngome ya Helm's Deep, ile ya filamu ya The Two Towers (2002), ni jengo la kale lililopatikana tu huko New Zealand. Wengine wanasema ni kompyuta yote. Zii. Sehemu yake kubwa ilijengwa kwenye machimbo ya mawe karibu na Wellington, waigizaji wakapigana humo usiku baada ya usiku. Lakini unapoiona nzima, imeegemea mlima, mara nyingi unatazama modeli ya kipimo cha 1 kwa 35. Mtu mzima hapo ana urefu wa sentimita 5 hivi. Peter Jackson aliitumia kupanga vita kwa askari wa plastiki 40,000. Wasee, elfu arobaini!

Na miamba ya modeli kama hizi hutengenezwa na nini? Povu gumu. Ni ndugu wa ile kitu nyeupe inayokuja ndani ya kasha la televisheni, ile ukiivunja inatapakaa sebule nzima.

Wahakiki wa filamu hawaisemi kazi hii. Tunabishana kuhusu uigizaji na muziki, mwamba tunauruka. Ilhali mwamba ndio unaobeba hofu ya usiku ule. Usipouamini, wale walio ukutani ni waigizaji walionyeshewa tu, basi.

Kukata povu ni rahisi. Waya wa moto hupita bila kubishana, ukaacha uso laini kama sabuni iliyotumika. Shida ni kwamba jiwe halikatiki hivyo. Jiwe hupasuka likifuata nyufa zake. Kwa hivyo mchongaji anayejua huweka waya chini mapema, akashika kisu, kisha akaanza kumega vipande kwa vidole ili mpasuko uwe wa kweli. Wengine hufinyanga foili ya jikoni iwe kama mpira, wakaibingirisha juu ya povu mpaka libaki na vishimo vya changarawe. Ujanja poa, ila ukiuzidisha mawe yote yanakuwa mapacha. Modeli nyingi za michezo ya vita ya mezani hufia hapo: vikwaruzo kila mahali, uzito hakuna. (Na usipulizie rangi ya kopo juu ya povu tupu. Linayeyuka ukiliona.)

Helm's Deep ina subira. Kuna sehemu pana za mlima zilizoachwa bila mapambo, jicho linatulia hapo, halafu ndipo linashtuka kuona ukuta ulivyo mdogo. Linganisha na The Hobbit, 2012 hadi 2014, mwelekezi yuleyule, modeli zikiwa zimewekwa kando. Milima yake imejaa maelezo, lakini mimi hainitishi. Kivuli cha kompyuta kiko pale kilipopangwa. Kwenye povu, taa huingia ufa ambao hakuna aliyeupanga.

Siwatukani watu wa kompyuta. Jeshi la Uruk-hai lenyewe lilijazwa na programu iitwayo Massive, na bado linanitoa jasho. Ila majina ya waliochonga hupita mwishoni, wakati watu wanatafuta simu na viatu gizani.

Ukiirudia, subiri radi imulike ngome. Achana na vita kidogo, angalia pale ukuta unapokutana na mlima. Hapo ndipo povu hujisaliti, kwenye mshono. Nimeutafuta mara nyingi, sijauona.