Milisho: Programu Ndiyo Inayobisha Hodi

Anayefuatilia BBC Swahili, toleo la Kiswahili la Global Voices na blogu kadhaa za watu binafsi hana haja ya kuzipitia tovuti hizo moja moja kila asubuhi. Kazi hiyo huifanya programu ya kusoma milisho, ikampangia yaliyo mapya tu kwa kufuata saa yalipochapishwa. Ufundi huu si wa jana. Machi 1999, Ramanathan Guha na Dan Libby, wakiwa katika kampuni ya Netscape, walibuni muundo wa mlisho uitwao RSS ili tovuti nyingine ziweze kupitisha vichwa vya habari zao kwenye ukurasa wa My Netscape.

Mlisho wenyewe ni faili la maandishi matupu. Ukilifungua utakuta orodha ya habari, kila moja na kichwa chake, kiungo, tarehe, pengine muhtasari, pamoja na kitambulisho kiitwacho guid. Hicho kitambulisho ndicho chenye kazi kubwa. Mhariri akirekebisha kichwa cha habari adhuhuri, guid hubaki ileile, na programu hutambua kuwa habari hiyo ilishasomwa asubuhi. Tovuti inayobadilisha guid kila inapohariri (na zipo!) humrundikia msomaji habari moja mara tatu.

Wengi hudhani tovuti ndiyo inayotuma habari. Haitumi kitu. Programu ndiyo inayobisha hodi kila baada ya muda, ikiuliza kama faili limebadilika tangu ilipopita mara ya mwisho. Kama halijabadilika, seva iliyosanidiwa vizuri hujibu kwa namba 304 na faili halishuki kabisa. Kwa anayenunua bando la siku, huo ni unafuu wa kweli akilinganisha na kufungua kurasa zilizojaa picha na matangazo.

Anwani ya mlisho nayo haijifichi sana. Kwenye blogu nyingi za WordPress huongezwa /feed mwishoni. Kwenye Blogger, /feeds/posts/default. Mafundi waligombana kwa miaka kuhusu muundo upi ufuatwe, hadi zikawepo RSS 1.0, RSS 2.0 na Atom, lakini ugomvi huo haumhusu msomaji: programu nzuri husoma zote.

Google ilipoifunga programu yake ya kusoma milisho, Google Reader, tarehe 1 Julai 2013, tanzia za RSS ziliandikwa mapema mno. Watumiaji walipakua orodha za milisho yao katika faili la OPML, wakaliingiza kwenye Feedly, programu nyingine ya aina hiyo, au kwingineko, wakaendelea kusoma. Podikasti nazo hadi leo husafiri kwa RSS, anwani ya sauti ikiwa ndani ya mlisho.

Pengo lipo kwenye mitandao ya kijamii. Twitter iliondoa milisho yake mwaka huohuo wa 2013, na Instagram haitoi, hivyo mwanablogu aliyehamishia maandishi yake huko hafikiki tena kwa njia hii.