"Kifuko Laini": Istilahi Ipotoshayo

Wako wanaokiita kifungashio cha matabaka, kitiwacho maziwa ya unga au kahawa, "kifuko laini". Sisi hatukubaliani nao. Laini ni sifa ya mguso. Haielezi kazi ya kitu. Msanifu hatafuti ulaini, bali kifuko kitakachokunjwa na kuangushwa pasipo kupasuka. Ndiyo sababu huambatanisha matabaka: poliesta nje, kwa ajili ya nguvu na chapa, jaribosi ya alumini katikati, izuiayo hewa na mwanga, na poliethilini ndani, iyeyukayo kwa joto na kuziba kingo.

Wengine watasema "kifuko kinyumbufu". Hilo nalo halifai, kwani kinyumbukacho huvutika na kurudi kama mpira. Kifuko hiki kikivutwa hivyo, jaribosi hupasuka, hewa huingia na chakula huharibika.

Twapendekeza "kifuko kipindifu", kutokana na kitenzi pinda. Mwanafunzi aliyefundishwa ulaini atapunguza unene; aliyefundishwa upindifu ataanza kwa kuijaribu mikunjo na kingo. Istilahi mbovu, basi, huweza kumwaga maziwa ya watu.