Kusoma Kilichosogea

Mzee wa Nkowe, huko Ruangwa, akiteleza msimu wa kuokota korosho, akajigonga kichwa kwenye shina la mkorosho, mara nyingi huinuka, hujipangusa vumbi na kuendelea na kazi. Jioni atasema kichwa kinamgonga kidogo, atapewa panadoli, na habari itaishia hapo. Wiki ya tatu ndipo watu wa nyumbani wanaanza kuulizana: mbona mguu wa kushoto anauburura, mbona anamwita mjukuu kwa jina la mwanawe, mbona anasinzia mchana kutwa? Wapo watakaosema ni uzee na wapo watakaosema amefanyiwa kitu. Kumbe tangu siku ile damu imekuwa ikivuja kidogo kidogo kati ya ubongo na utando unaoufunika.

Akibahatika kufikishwa kwenye CT-Scan, linaweza kutokea jambo la ajabu: damu ile isionekane. Kwenye picha ya CT, damu mbichi ni nyeupe na damu ya siku nyingi ni nyeusi. Katikati ya hapo, takriban wiki ya pili au ya tatu, kuna kipindi ambapo rangi yake inalingana na ya ubongo. Asiyefundishwa ataitazama picha hiyo na kuandika kwamba hakuna tatizo. Aliyefundishwa haitafuti damu kwanza. Anafuata mikunjo ya ubongo mmoja mmoja na kujiuliza mbona upande wa kulia haifiki kwenye mfupa. Anatazama vyumba vya maji vilivyo ndani ya ubongo, anakuta cha kulia kimebanwa. Anapima mstari wa katikati, anaukuta umehamia kushoto. Kitu chenyewe hakijajionyesha, ila majirani zake wote wamesogezwa, na kwa kuwahoji hao majirani anakijua kilipo, unene wake na hata umri wake.

Ufundi huu wa kusoma kilichosogea ndio ninaotaka kuusifu hapa. Wenyewe wanauita nyuroradiolojia, yaani tawi la radiolojia linaloshughulika na ubongo, uti wa mgongo na mishipa ya fahamu. Ni ubingwa bobezi: mtu ameshasoma udaktari miaka mitano, amefanya mafunzo ya vitendo mwaka mmoja, amerudi chuoni kusomea ubingwa wa radiolojia kwa miaka kadhaa, kisha anaketi tena darasani kujifunza kuangalia mfumo mmoja tu wa mwili.

Ufundi wenyewe ulizaliwa katika upofu. Röntgen alipogundua miale yake Novemba 1895, mifupa ilionekana, lakini ubongo haukuonekana hata kidogo. Madaktari wa mwanzo, kama Arthur Schüller wa Vienna, walikuwa na fuvu tupu la kutazama. Walichogundua ni kwamba watu wazima wengi wana punje ndogo ya chokaa katikati kabisa ya kichwa, kwenye tezi iliyo ndani ya ubongo. Punje ikionekana imehama kutoka mahali pake, basi upande mmoja kuna kitu kinachosukuma. Mwaka 1918 Walter Dandy, daktari wa Baltimore, alianza kuingiza hewa kwenye vyumba vya maji vya ubongo ili umbo lake lionekane kwenye eksirei. Njia hiyo na zilizofuata za aina yake ziliwatesa wagonjwa kwa maumivu makali ya kichwa. Mwaka 1927 Egas Moniz wa Lisbon akapitisha dawa ya kung'arisha mishipa ya damu, na uvimbe ukatambulika kwa jinsi ulivyoipinda mishipa iliyo kando yake. Kwa zaidi ya nusu karne, basi, wataalamu hawa waliusoma ubongo bila kuuona.

Tarehe 1 Oktoba 1971, katika hospitali ya Atkinson Morley jijini London, mgonjwa wa kwanza alilazwa ndani ya mashine ya CT iliyobuniwa na mhandisi Godfrey Hounsfield. Miaka minane baadaye aligawana Tuzo ya Nobel na Allan Cormack, mwanafizikia mzaliwa wa Johannesburg aliyekuwa ameikokotoa hesabu ya jambo hilo mapema. Sasa ubongo wenyewe ulionekana, na kila nukta ya picha ikapewa namba. Maji ni 0, hewa ni hasi 1,000, mfupa mgumu unafika 1,000 na kuzidi. Ubongo mzima, pamoja na siri zake zote, umebanwa kati ya 20 na 45 hivi, na damu iliyoganda karibuni iko kwenye 60 hadi 80. Macho ya binadamu hayawezi kutenganisha vivuli elfu mbili vya kijivu. Kwa hiyo msomaji hufungua kile wanachokiita dirisha: anaiambia kompyuta igawanye weusi na weupe wote katika hatua 80 tu za namba, na zilizobaki izitupe. Akishuku kiharusi cha saa chache zilizopita, analipunguza dirisha mpaka 40 au chini, na eneo la ubongo lililokosa damu, ambalo limeshuka namba mbili tatu tu, linaanza kujitenga na wenzake. Akisahau kulipunguza, kiharusi kinabaki pale pale mbele yake bila kuonekana. Mafunzo mengi ya mwanzo ni ya vidole: kufungua na kufunga madirisha hayo mpaka mkono uyafanye bila kuagizwa.

Mbinu hizo zimo vitabuni na zinasomeka popote. Lakini kuna mambo ambayo kitabu cha Boston hakiyapi uzito, na ndiyo yanayonifanya niamini kwamba ufundi huu ni lazima ufundishwe mahali ugonjwa ulipo. Weupe wa damu kwenye CT unatokana na hemoglobini. Mgonjwa aliyepungukiwa damu sana, hemoglobini yake ikiwa chini ya 8 au 10, anaweza kuvuja damu mbichi kichwani leo hii na picha ikaionyesha kwa rangi ile ile ya ubongo. Kwa msomaji wa London hilo ni tukio la nadra. Kwa wodi zetu, zenye malaria, minyoo, selimundu na akina mama waliotoka kujifungua, ni swali la kuulizwa kabla hata picha haijafunguliwa: wingi wa damu wa mgonjwa huyu ni kiasi gani?

Chukua mfano mwingine: donge lenye ukingo unaong'aa kama pete ndani ya ubongo. Katika nchi tajiri jibu la kwanza linalokuja ni saratani. Kwetu lazima kifua kikuu kilichopanda kichwani kitajwe, itajwe toksoplazma kwa mwenye VVU, na litajwe buu la tegu wa nguruwe, ambalo likiwa hai huonekana kama kifuko cha maji chenye nukta moja pembeni. Nukta hiyo ni kichwa cha mnyoo. Mtu anayeanza kuanguka kifafa ukubwani anaweza kupata jibu lake kwenye nukta hiyo ya milimita chache. Au mfikirie kijana wa ukanda wa kusini, kwenye kichocho, ambaye miguu imekufa ganzi na kulegea ndani ya siku chache. MRI inaonyesha sehemu ya chini ya uti wa mgongo imevimba. Asiyeijua nchi ataandika uvimbe wa kupasuliwa. Anayeijua atakumbuka mayai ya kichocho, na dawa za kumeza zinaweza kutangulia kisu.

Mashariki mwa Uganda, huko Mbale, jambo hili lilionekana waziwazi kwa watoto wenye vichwa vikubwa. Tangu 2001, katika hospitali ya watoto ya CURE, daktari Benjamin Warf na wenzake walikuta kwamba sehemu kubwa ya watoto hao walijaa maji kichwani baada ya kuugua maambukizi wakiwa wachanga, tofauti na ilivyozoeleka Marekani. Wakaendeleza upasuaji wa kuyafungulia maji njia mpya ndani ya ubongo bila kutegemea mrija wa plastiki, kwa sababu mrija ukiziba mtoto akiwa kijijini, mbali na mpasuaji, anaweza kufa. Ili kumchagua mtoto wa kufanyiwa hivyo, picha lazima isomwe vizuri: je, vyumba vina nyuzi na makovu ya usaha wa zamani, na njia ya maji imeziba wapi? Kwa mtoto mchanga, sehemu kubwa ya kazi hiyo inaanza kwa ultrasaundi inayowekwa juu ya utosi kabla haujafunga. Hakuna mionzi, hakuna dawa ya usingizi. Mama anambeba mwanawe, mtaalamu anaelekeza kifaa kidogo kushoto na kulia, na vyumba vya maji vinatokea kwenye kioo.

Sasa tumwangalie anayefundishwa. Asubuhi anafungua picha za usiku peke yake na kuandika ripoti ya rasimu. Baadaye mwalimu anavuta kiti, na mwanafunzi anasoma kwa sauti kwa mpangilio usiobadilika: mifupa, utando, mikunjo, vyumba vya maji, shina la ubongo, macho, masikio, kona za chini ambako shingo inaanza. Anasema, "Daktari, hapa kuna mpasuko wa fuvu." Mwalimu anaitikia, "Naam. Kingine?" Swali hilo la neno moja ndilo shule yenyewe. Wataalamu wamechunguza na kuona kwamba mtu akishapata kasoro moja kwenye picha, akili yake inaridhika na kuacha kutafuta. Mpasuko wa wazi unaweza kumficha mwenzake, donge dogo la damu upande wa pili. Mwanafunzi huulizwa "kingine?" mpaka afike siku ya kujiuliza mwenyewe, saa tisa ya usiku, bila mtu kwenye kiti cha pili.

Kwa hiyo gharama kubwa ya ubingwa bobezi ni hicho kiti. Tanzania imelijua hilo tangu zamani: Helmut Diefenthal, daktari mzaliwa wa Ujerumani, alijenga mafunzo ya radiolojia katika hospitali ya KCMC mjini Moshi kwa kukaa na wanafunzi, hadi akawa mzee sana. Katika hospitali ya Muhimbili nako, tawi jirani la radiolojia tiba, lile linalopitisha waya na mirija ndani ya mishipa ya damu, lilianza kwa njia hiyo hiyo. Kuanzia 2018 timu za daktari, muuguzi na mteknolojia zilikuja kwa zamu za majuma mawili kupitia ushirikiano na Chuo Kikuu cha Yale, na miongoni mwa waliojenga daraja hilo ni Frank Minja, Mtanzania bingwa wa nyuroradiolojia. Mwaka 2019 MUHAS, chuo kikuu cha afya cha Muhimbili, kikafungua shahada ya miaka miwili, na 2021 wakahitimu watatu wa kwanza. Badala ya kumpeleka mwanafunzi mmoja ng'ambo akajifunze kwa wagonjwa wa huko na vifaa vya huko, walimu waliletwa kwa wagonjwa wa hapa, kwa vifaa vya hapa na kwa upungufu wa hapa. Naona hiyo ndiyo njia ya kufuata kwa wasomaji wa ubongo, hasa kwa kuwa taasisi ya MOI, inayopasua vichwa na migongo, iko ndani ya uzio ule ule wa Muhimbili.

Mashine zenyewe sasa zinasambaa. Fedha za mkopo wa kukabiliana na UVIKO-19 zilizotoka 2021 zilinunua CT kwa ajili ya hospitali za rufaa za mikoa, na picha zinaweza kutumwa kwa mtandao kusomwa mbali. Hii ina maana kwamba ripoti imekuwa ndiyo sauti ya bingwa, na mara nyingi ndiyo kitu pekee kutoka kwake kinachomfikia mgonjwa. Ripoti mbovu inajilinda: "haiwezi kuondolewa shaka ya," "inashauriwa kulinganisha na," na daktari wa wilayani anabaki pale alipokuwa. Ripoti nzuri inasema: damu ya wiki kadhaa upande wa kulia, unene sentimita 2, ubongo umesukumwa milimita 9 kwenda kushoto, anahitaji mpasuaji leo. Kwa maneno hayo mpasuaji anajua atoboe wapi matundu mawili kwenye fuvu, na mzee wa namna ile anaweza kuanza kutembea ndani ya siku chache.

Hata hivyo, kilele cha ufundi huu nakiona kwenye ripoti ya namna nyingine, ile isiyokuwa na habari. Kuandika kwamba ubongo huu ni mzima kunahitaji uhakika kuliko kuandika ugonjwa, maana ni kuapa kwamba umepita kila kona na hakuna ulichokiacha. Anayeogopa, akiona alama asiyoielewa, huandika "huenda kuna uvimbe, apelekwe Muhimbili kwa MRI." Ni neno jepesi kwake. Kwa familia ya Ruangwa ni safari ya zaidi ya kilomita 500, malazi na vipimo, na pesa hiyo haingojei mnada wa korosho wa stakabadhi ghalani. Itapatikana kwa kangomba: korosho zikiwa bado mtini, zitauzwa kwa mnunuzi wa magendo kwa bei anayoitaka yeye. Bingwa aliyefundwa vizuri, akiiona ile alama na kujua kwamba ni mshipa tu uliopita pale kama unavyopita kwa watu wengine wengi, anaandika "kawaida" na kutia sahihi. Familia inavuna msimu huo na kupeleka magunia yake chama cha msingi cha ushirika, na bingwa hatajua kamwe kwamba ndiye aliyewaokolea mavuno yao.