Ngoma Haipimwi kwa Waliokuja

Usukumani ngoma haina majaji. Chama cha ngoma cha Bagika kinasimama upande huu wa uwanja, cha Bagalu upande ule, vinapiga kwa wakati mmoja, na watazamaji wanakwenda wanakotaka. Jua likishuka, waliozungukwa na watu wengi ndio washindi. Inasimuliwa kuwa vyama hivi vilianzishwa na mahasimu wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha, na hadi leo vinashindana hivyohivyo katika sherehe ya Bulabo pale Bujora, Kisesa, jirani na jiji la Mwanza, mwezi Juni.

Kwa mashindano, kanuni hiyo inatosha. Kwa anayetaka kujua ufundi, haitoshi. Watu hukimbilia jambo geni, na kikundi kikitoa chatu, uwanja mzima unahama. Usihesabu waliokimbia kumwona. Subiri arudishwe sandukuni, kisha tazama nani bado amesimama.

Isaka ni mahali pazuri pa kupimia jambo hili. Mji umekaa kwenye reli ya Tabora na Mwanza, una bandari kavu, na malori ya Rwanda na Burundi yanapita hapo mchana na usiku. Ngoma ikipigwa baada ya mavuno, wakulima wa vijiji vya Msalala wanaelewa kila neno, lakini kando yao wapo madereva, utingo na wachimbaji wanaoelekea Bulyanhulu au Geita, ambao Kisukuma hakipandi. Mkulima anaweza kubaki kwa sababu manju, kiongozi wa nyimbo, ni mjomba wake. Utingo anayesubiri karatasi za mzigo hana mjomba pale. Akikaa hadi wimbo wa tatu, sogea karibu. Hapo pana kitu.

Ukiweza, fika kabla hawajaanza, uone ngoma zinavyoandaliwa. Ngozi iliyolala usiku kwenye baridi hulegea, kwa hiyo huwashwa moto wa nyasi na ngoma ikaelekezwa kwenye joto. Mpigaji anayejua kazi yake haachi moto umfanyie kila kitu. Anaigeuza kidogo, anaigonga kwa kidole ukingoni, anaigonga katikati, anasikiliza, anairudisha. Kisha anaifananisha na ya mwenzake. Kikundi kinachoharakisha hatua hiyo utakisikia baadaye: ngoma kubwa inatoa sauti ya debe, na wachezaji wanaanza kutafuta mdundo kwa macho badala ya masikio. Kwangu mimi nusu ya hukumu inatolewa hapo, kabla mtu hajafungua kinywa.

Kwenye bugobogobo, ngoma ya majembe, wengi hutazama majembe yanavyorushwa hewani. Ni halali, maana yanapendeza, na ngoma yenyewe imetoka shambani, ambako ilipigwa ili walimaji waende pamoja. Lakini kurusha ni rahisi kuliko kudaka kwa wakati. Jembe linatakiwa lirudi mkononi mdundo unapoangukia, na mguu uwe umeshakanyaga. Tazama uso wa mchezaji pia. Anayefuata jembe kwa macho bado anajifunza. Fundi anakutazama wewe, jembe linamjia lenyewe. Miguuni sikiliza njuga: wachezaji kumi wakikanyaga wanatoa sauti moja, au inamwagika kama mahindi kutoka guniani?

Manju apimwe kwa ujumbe. Nyimbo za zamani zinapendwa, ila manju wa kweli ana wimbo wa mwaka huu: bei ya pamba, mvua iliyochelewa, wapinzani waliomtukana jana. Hasa hilo la mwisho. Upande wa pili ukirusha fumbo, kaa uone anachukua muda gani kulijibu, na kama waitikiaji wanaingia bila kusukumwa au wanasubiri aanze upya. Wakisubiri, mazoezi hayakutosha.

Vijana watakuambia kikundi fulani kimevuta watu kwa samba, dawa ya mvuto. Sibishani nao. Ng'wanamalundi, aliyefariki mwaka 1936, anakumbukwa kwa habari za kukausha miti kwa kidole, na watu wanasahau kwamba alikuwa kiongozi wa ngoma pia. Ninachosema ni kwamba wapigaji wakielewana, sijawahi kusikia mtu akiulizia dawa yao.

Siku hizi kuna vikundi vinavyokuja na kinanda, spika na jenereta. Sina ugomvi na kinanda. Ombea tu jenereta izime. Kikundi kilichojengwa kwa mazoezi kinaendelea kwa makofi na sauti mpaka mafuta yaletwe, na mara nyingi hicho ndicho kipande bora cha jioni. Kilichojengwa studio kinasimama na kumlaumu fundi umeme.

Linganisha na bendi za dansi. Zile za Tabora, Kiko Kids na Tabora Jazz, zilijulikana kwa rekodi, lakini bendi ya dansi iliishi kwa kiingilio cha mlangoni, na aliyelipa wiki hii bila kuridhika hakurudi wiki ijayo. Ngoma ya uwanjani haina mlango, kwa hiyo mtazamaji anaweza kuondoka katikati ya wimbo bila kupoteza senti. Kumshika mtu wa namna hiyo ni kazi ngumu zaidi.

Ukiridhika, tuza. Manju atapata noti zake, kila mtu anamwona. Yako mpelekee mpigaji wa ngoma kubwa.